Mashine ya Pili ya Baba

"Mwambie baba yako chai inapoa," mama aliniambia.

Baba yangu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza hiyohiyo, na meza yenyewe ni ndogo, ukinyoosha mkono unamgusa mtu. Nilikuwa nimetoka shuleni muda uleule, sijavua hata viatu, koo limekauka kwa vumbi la chaki. Nikamgeukia baba, nikapaza sauti: "Baba, chai inapoa!" Baba akajibu kwamba ikipoa itapashwa, chai si maiti. Nikamgeukia mama kumfikishia jibu, wakati mama masikio yake ni mazima kabisa, anasikia mpaka jirani akifungua friji. Kwa nini niligeuka? Mazoea. Nilikuwa nimeshageuka tarishi wa watu wawili waliokuwa wakilala kitanda kimoja kabla sijazaliwa.

Nieleze hali ilivyokuwa. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi hapahapa Mwanza. Nyumba ninayojenga Buswelu ilifika kwenye lenta ikasimama, kama nyumba nyingi za walimu zinavyosimama, nikarudi kukaa kwa wazazi Kirumba, kwenye ile nyumba yetu ya juu maweni, nikidhani ni kwa muda mfupi. Baba hasikii. Mama hana sauti. Mungu alipokuwa akigawa maradhi ya uzeeni angeweza kuwapa magoti wote wawili, wakakaa kibarazani wakalalamika pamoja. Akaamua kuwapa haya, na katikati akaniweka mimi.

Baba alikuwa na mashine ya kusaga. Mtu ambaye hajawahi kusimama ndani ya kibanda cha mashine ya kusaga hajui kelele ni nini. Mkanda unapiga, nyundo za ndani zinaponda, mabati ya ukutani yanatetema na meno yako yanatetema nayo. Humo baba alisimama ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima wake, hajaziba masikio hata kwa pamba. Wateja waliongea naye kwa vidole: huyu anakoboa, huyu anasaga, huyu anataka mara mbili. Lakini mashine yenyewe aliisikiliza vizuri ajabu. Kwa mlio tu alijua kwamba mahindi ya huyu hayajakauka, kwamba mkanda umeanza kulegea, kwamba chekeche limetoboka. Sisi watoto tulipompelekea chakula tulisikia ngurumo moja tu, tukakimbia.

Mama alikuwa akiuza dagaa Mwaloni, na Mwaloni huuzi dagaa kwa kunong'ona. Sauti yake ilijulikana. Ilikuwa nyembamba, kali kidogo, na ilipita juu ya honi, juu ya injini za mitumbwi, juu ya wapagazi wanaopiga kelele wapishwe njia. Baba ndivyo alivyompata. Mama alileta udaga wake, ile mihogo iliyovundikwa ikakaushwa, kusaga, akasimama mlangoni mwa kibanda, akasema, "Usinichanganyie na mahindi ya mtu!" Baba akasikia kila neno, mashine ikinguruma kwa nguvu zake zote. Hakuna binadamu aliyewahi kusikika mle ndani. Akazima mashine ili amwone mwenye sauti. Wateja wengine wakamlalamikia sana, naye hakuwajali. Hadithi hii tulisimuliwa kila Krismasi mpaka tukaichoka, na kila mara baba alimalizia kwa kuiga sauti ya mama, vibaya sana, na mama akamrushia kitambaa cha mezani.

Mwaka juzi mama alifanyiwa upasuaji wa rovu shingoni. Uvimbe ulikuwa umekua mpaka unamkaba akilala. Upasuaji ulikwenda salama, ila mshipa unaoendesha sauti ulijeruhika, na daktari alitueleza mapema kwamba jambo hilo huweza kutokea kwa mtu mwenye uvimbe mkubwa namna ile. Alikuja kitandani siku ya tatu, akatukuta mimi, baba na mama mwenyewe. Alizungumza taratibu, kwa heshima, macho kwenye faili. Akasema sauti ya mama haitarudi kama ilivyokuwa, kitakachobaki ni hiki kimnong'ono, pole sana mzee. Na baba, amesimama na kofia yake mkononi, akatikisa kichwa kwa furaha na kusema kwa sauti ya wodi nzima, "Asante sana daktari, asante! Mungu akubariki kwa kazi yako!"

Mama akageukia ukutani.

Sikuelewa wakati ule, na sidhani kama kuna aliyeelewa. Tulijua baba masikio yake ni mazito kidogo. Hatukujua kwamba alikuwa ameshakuwa kiziwi wa kutosha na anaishi mjini bila mtu kumshtukia. Nikifikiri sasa naona jinsi ilivyowezekana, na hasira zinanipanda, kwa sababu waliomficha ni adabu zetu wenyewe.

Fikiria mzee wa kwetu anavyopita siku yake. Asubuhi anakutana na jirani. Jirani anafungua mdomo. Mzee hahitaji kusikia kitu: kama ni kijana, jibu ni marahaba. Kama ni mzee mwenzake wa Kisukuma, ni mwangaluka, kisha wa nyumbani, kisha ng'ombe, kisha mvua, na kila swali lina jibu lake lililokaa tayari tangu enzi za babu. Anaweza kusalimiana robo saa nzima na mtu ambaye hajasikia hata neno lake moja, wakaachana wamefurahi. Kanisani sala anazijua. Msibani maneno ni yaleyale. Kwa daktari, mzee mstaarabu anatikisa kichwa na kushukuru. Baba alikuwa na shukrani za kutosha kumfikisha kaburini bila kusikia chochote.

Halafu heshima ikamalizia kazi. Mke wa kaka yangu ni mwanamke mwenye malezi. Akimsalimia baba anapiga goti, anainamisha uso, sauti anaishusha kabisa. Kwa hiyo baba haoni mdomo wake wala hapati sauti yake. "Huyu mkwe wenu anaongea na jamvi," alikuwa akisema. Kadiri mtu alivyokuwa na adabu, ndivyo baba alivyomkosa. Aliyekuwa akielewana naye vizuri kuliko watu wote ni dereva mmoja wa bodaboda pale chini ya kilima, mtu asiye na haya, anayemsogelea uso kwa uso na kumpigia kelele, "Mzee vipi, leo hatwendi kula kuku?" Baba alimwita kijana mwenye maadili. Mimi nilitaka kujitupa ziwani.

Na sote, tulipoanza kushtuka, tukafanya kile kila mtu anachofanya: tukapiga kelele. Nyumba yetu ikawa kama stendi. Nikitoka shuleni niliingia getini nikisikia kaka yangu akimfokea baba habari za bili ya maji, majirani wakidhani kuna ugomvi wa urithi. Na baba anakasirika: "Msinipigie kelele, nasikia! Tatizo lenu mnamumunya maneno!" Ukishusha sauti, hasikii. Ukipandisha, unamkosea heshima. Mama peke yake hakuwa na la kupandisha. Alimtazama tu, midomo ikaenda, baba akamtazama na kuitikia, mara nyingine sawa, mara nyingi siyo.

Siku iliyovunja mambo ni ya Bujora. Ndugu wa baba upande ule alikuwa na sherehe, tukaenda familia nzima, na kulikuwa na ngoma. Si kwamba zilikuwa mbali, zilikuwa hapohapo mbele yetu, zile kubwa zinazokupiga kifuani. Baba akachangamka. Akasimama, mguu ukapiga chini sawasawa na mpigaji, hakukosea hata mara moja. Akamwambia mzee wa jirani kwamba ngoma ya kushoto ngozi yake imelegea, ikapashwe moto. Wakaangalia, kweli. Mama alikuwa amekaa nyuma yake, na jua lilikuwa limemzidi. Akamwita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mshipa wa shingo umemsimama penye kovu. Baba akaendelea kupiga mguu.

Kwenye gari, tulipopita Kisesa, mama akanisogelea. Kisha akanishika mkono. "Ngozi ya ngoma iliyolegea anaisikia," alisema. "Mimi hanisikii. Baba yako anachagua."

"Mama, hachagui."

"Anachagua. Nakwenda kwa dada yangu Sengerema. Sitaki kufa nikiwa nimeolewa na ukuta."

Nilicheka kwanza, nikidhani hasira za jua. Haikuwa hivyo. Wiki hiyohiyo niliona begi lake limetolewa juu ya kabati, na vitenge vyake vizuri vimekunjwa pembeni. Nikamwomba anieleze kimemkera nini hasa ili nikamwambie baba, mimi si ndiye redio ya nyumba hii. Akanitazama kama nimemtukana. "Kuna jambo nataka kumuuliza baba yako tangu hospitali," alisema. "Si la kubebwa na mtoto. Akiweza kunisikia nitamuuliza mwenyewe. Asipoweza, nakwenda nalo Sengerema." Niliijua ile hospitali. Niliiona ile sura iliyogeukia ukuta. Lakini huwezi kumwambia mama yako kwamba unalijua jambo ambalo amekwambia si lako.

Nikampeleka baba kwa mtaalamu wa masikio kule Nyamagana. Nimeandika hivyo kwa urahisi, lakini kumfikisha ilikuwa kazi ya kusukuma ng'ombe juu ya jiwe. Masikio yake hayana kitu, alisema. Wanaoumwa masikio ni watoto. Yeye anakwenda kufanya nini? Mwishowe nilimwambia tunakwenda kupima presha, na aliponigundua tulikuwa tayari kwenye benchi.

Mtaalamu, mama mmoja makini mwenye miwani, alimweka kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, akamvisha vifaa masikioni na kumpa kitufe cha kubonyeza kila akisikia mlio. Baba akafaulu vizuri mno. Mtaalamu akamwangalia kwa muda kupitia kioo, kisha akaingia na kukigeuza kiti cha baba kielekee ukutani. Ufaulu ukaishia hapo. Kumbe alikuwa akiangalia bega la mtaalamu likitikisika, ndipo anabonyeza. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alitoka mle chumbani akitabasamu na kumshukuru mtaalamu, akambariki pia.

Sasa, mimi kila mwaka nachora sikio ubaoni. Nachora ngoma ya sikio, nachora vile vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, nachora kile kibomba kilichojikunja kama konokono, na mshale kuelekea kwenye ubongo, halafu nawaambia watoto wanakili kimya kimya. Kila mara mshale ule naumalizia pale kwenye neno ubongo, kengele inalia. Mtaalamu alianzia pale mimi ninapoishia.

Alisema ndani ya konokono kuna vijinyweleo, na kila kundi lina sauti zake. Vya mlangoni hupokea sauti nyembamba, vya ndani kabisa hupokea nzito. Kelele ya miaka mingi huchosha na kuua vya mlangoni kwanza, na vikifa havioti tena. Ndiyo maana mzee ngoma anazisikia, malori anayasikia, radi anaisikia. Katika maneno, a na o zinamfikia, ila s na f na k na t, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno, zinapotea njiani. Kwa hiyo kwake kila mtu anamumunya. Hadanganyi.

"Na tukimpigia kelele?"

"Mnamkuzia a na o," alisema. "Hizo alikuwa nazo."

Nikakumbuka sauti nilizozipoteza bure kwenye ile nyumba.

Halafu akasema lililonikaa zaidi. Sikio, alisema, linaleta vipande tu. Anayesikia ni ubongo. Ubongo ukipata vipande vichache unajaza mapengo kwa kile unachokitarajia, na haukwambii kwamba umejaza, mtu anaamini amesikia. Mzee wetu amekuwa akijaziwa kwa miaka mingi. Akianza kuvaa kifaa, vipande vitaingia vingi kwa mpigo, na ubongo wake umeshasahau kuvipanga. Itabidi ujifunze upya, polepole, kila siku. Tuanze kwenye chumba tulivu, uso kwa uso, na mtu mmoja ambaye sauti yake anaijua kuliko zote.

"Mkewe yupo?" aliuliza.

Nilisema yupo. Sikusema kuhusu begi.

Tulichanga watoto wote, vifaa vikaja, viwili, vidogo kama harage. Baba akaviangalia kwenye kiganja cha mkono wake. "Mashine ndiyo iliyoniua masikio," alisema. "Sasa mnaniletea mashine nyingine." Lakini akavaa. Na hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimeonja taabu bado.

Mfuko wa plastiki ulimfanya aruke kwenye kiti. Mafagio ya jirani yalimchoma. Mafuta yakimiminwa kikaangoni aliuliza kama nyumba inaungua. Bomba linalovuja nje, ambalo sote tumeishi nalo tangu mvua za masika, alilisikia siku nzima, akaenda kulifunga kwa mpira wa baiskeli, akarudi, bado analisikia. Kunguru. Viatu vyangu. Kijiko ndani ya kikombe. "Nyinyi mnaishije na makelele haya?" aliniuliza. Mimi sikuwa nikiyasikia. Nilisimama sebuleni nikajaribu kusikiliza kama yeye. Kweli, palikuwa na friji inanguruma, spika ya baa chini ya kilima, mtoto wa jirani analia, pikipiki zinapanda, na saa ya ukutani ambayo ningeapa imeharibika. Ubongo wangu ulikuwa unavitupa vyote hivyo mlangoni kila siku bila hata kuniarifu. Wa baba ulikuwa unapokea kila mgeni.

Jioni anavivua, anaviweka kwenye bakuli la sukari. Asubuhi mimi navitafuta, nampelekea, ananiangalia kama nimemletea mwiba. Nilivisafisha kwa mswaki. Nilimbembeleza. Nilimtisha kwamba betri zitaharibika. Mama aliangalia haya yote, na begi lilikuwa palepale.

Lakini polepole bomba likaanza kumtoka, na kijiko. Siku moja mke wa kaka alipiga goti, akasalimia jamvi kama kawaida yake, na baba akamjibu, akamuuliza na mtoto anaendeleaje na kikohozi. Yule mwanamke alishtuka hata akasahau kusimama. Mimi nilikwenda jikoni nikapiga kofi ukutani kwa furaha. Nikamwambia mama, leo. Leo mnakaa wawili, kama mtaalamu alivyosema. Ulichotaka kuuliza, uliza.

Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya chakula. Nilizima friji. Nilifunga dirisha la upande wa baa. Nikawakalisha uso kwa uso kwenye ile meza ndogo, nikakaa kwenye kigoda mlangoni kwa ajili ya dharura, tarishi wa zamani haachi kazi ghafla. Mama alijifunga kitenge kizuri. Akasogea mbele.

"Baba watoto," alisema. "Unanisikia?"

Baba akaruka kama siku ya mfuko wa plastiki. Akageuka nyuma, akaniangalia, akaangalia mlango. Kisha akavivua vyote viwili, akaviweka mezani. "Endelea," alimwambia mama, akimkazia macho mdomoni. "Nakusikia hivi hivi."

"Baba, vaa!" nilisema.

Akavaa. Mama akasema tena, "Kuna kitu nataka nikuulize." Baba akakunja uso, akavivua tena, haraka zaidi. Mara ya tatu hakuvigusa kabisa. Akavisukuma upande wangu kwa kidole kimoja. "Yaya," alisema, yaani hapana, na baba yangu akishahama kwenda Kisukuma mjadala umefungwa.

Nikalipuka. Sikumbuki kupanga nilichokisema, nilisema vyote. Nilisema nimechoka. Kwamba mkwe wake anamsikia, bodaboda anamsikia, ngoma ya Bujora anaisikia, mtoto wa jirani anamsikia, anayevuliwa kifaa ni mama peke yake. Kwamba mama amefungasha begi. Kwamba kama anachagua, basi achague waziwazi tujue. Nilisema yote hayo kwa sauti ya stendi, kwa a na o nyingi, na sijui alisikia kiasi gani. Begi alilisikia.

"Si yeye," alisema baba.

"Nani si yeye?"

"Anayeongea humo." Alionyesha vile vifaa kwa kidevu. Alikuwa akipayuka, kama anavyopayuka siku zote asipovivaa, Kirumba nzima ikipata habari. "Nisipovaa, nikimtazama mdomo, namsikia mama yenu. Sauti yake ileile, ya mashineni. Nikivaa, anakuja bibi kizee mgonjwa ananinong'oneza. Simjui yule bibi! Mmemtoa wapi? Mwambie mama yako aseme mwenyewe."

Nilifungua mdomo kumfikishia mama ujumbe, kwa mazoea yaleyale, nikaufunga.

Mshale wangu wa ubaoni ulifika mwisho hapo, kwenye meza ya chai. Vipande havikuwa vikimfika, na ubongo wake ukamjazia kwa kile ulichokitarajia: sauti ya binti wa udaga aliyesimama mlangoni. Miaka miwili mama alikuwa akinong'ona, na mzee huyu akimsikia anapaza. Hakuna aliyemwambia sauti ile imekwenda. Aliyeambiwa alikuwa ameshika kofia, anashukuru.

Nilimwangalia mama. Alikuwa ameshika shingo yake penye kovu. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, na sura yake haikuwa ile iliyogeukia ukuta. Nadhani swali alilotaka kuuliza lilikuwa limeshajibiwa, na jibu lilimuuma vibaya kuliko tulivyofikiria mimi na yeye, na lilimponya pia. Alivichukua vile vifaa mezani. Akavifuta kimoja kimoja kwa ncha ya kitenge, taratibu, akazunguka meza na kumvisha baba mwenyewe. Baba alikaa ametulia kama mtoto anayekatwa kucha.

Kisha mama akanigeukia. "Wewe, toka," alisema.

"Mama, labda nikae niwasaidie kama..."

"Toka."

Nikatoka. Nikakaa kwenye lile jiwe kubwa pembeni ya dirisha, ambapo tangu utotoni unasikia kila kinachosemwa sebuleni. Kwanza sikusikia kitu, ndiyo zamu ya mama. Kisha nikasikia baba, kwa sauti yake ya kawaida ya kupayuka: "Tangu hospitali?" Zamu ya mama tena. "Ndiyo nilimshukuru! Nilijua anasema umepona!" Halafu naona alijisikia mwenyewe ndani ya zile mashine, jinsi anavyopayuka, kwa sababu neno lililofuata lilitoka chini kidogo, na la baada yake chini zaidi, mpaka na yeye akawa ananong'ona.

Nikasogea. Nikaweka sikio ukutani kabisa, mwalimu mzima, Jumapili mchana, jirani ananiangalia. Palikuwa na spika ya baa, pikipiki, kunguru, bomba linalovuja. Ndani walikuwa wakizungumza, hilo nililijua, walizungumza mpaka jua likahama ukuta, na sikuambulia hata neno moja.